Mlango wa Mwisho Kwenye Mfereji wa Kuja

Rungu la kwanza lilimpata Mwikwabe begani, mkono wake ukiwa umeshika mpini wa chuma. Hakuuachia. Mtu aliyezungusha mpini huo tangu ujana, akifungua na kufunga maji ya mfereji utokao Mto Kuja, hauachii kwa pigo moja.

Zamani walinzi wa milango ya maji walikuwa wanne. Serikali ilipopunguza wafanyakazi, watatu wa juu walirudishwa nyumbani. Mmoja alifukiwa na udongo akichimba dhahabu Masara, mwingine akawa dalali wa ng'ombe Ogwedhi, wa tatu akauawa na pombe ya chang'aa. Milango yao ikashikwa na kutu, imefungwa. Mwikwabe alibaki kwa sababu wakulima wa mpunga walikubali kumlipa kwa magunia, na huko mashambani naye alikuwa na kipande chake.

Sasa mvua ya El Nino ilikuwa imeutia mto wazimu. Maji ambayo zamani ile milango ya juu iliyatoa pembeni yalimjia yeye peke yake. Tuta la kushoto lilikuwa linapasuka, na chini yake kulikuwa na nyumba za watu. Akifungua, mpunga utazama. Asipofungua, nyumba zitabebwa.

"Jakuria, we Mkuria, toa mkono!" Jared alifoka. Shamba lake lilikuwa kubwa kuliko yote, na vijana wake walikuja na marungu na mapanga. "Mpunga umeshaiva! Watoto wangu wale matope?"

"Omera, ndugu yangu, sikiza bei kwanza," Mwikwabe akasema huku akitema damu. "Nikifungua, umepoteza msimu mmoja. Tuta likienda, mfereji umekufa. Mwaka ujao utapanda nini, vumbi? Hata shamba langu linazama. Heri nusu shari."

"Na hao wa chini ya tuta?" kijana mmoja akauliza.

"Wahame!" Jared akamkatiza. "Nani aliwatuma wajenge hapo?"

Kule chini ya tuta Jedidah, muuza dagaa wa omena, alikuwa juu ya paa na wanawe, akipiga mayowe. Mwikwabe akazungusha mpini. Panga likashuka, vidole viwili vikaanguka juu ya zege. Akapiga unyende, akachomoa mpini na kumpiga Jared nao mdomoni, meno yakamwagika. Akaurudisha kwenye tundu lake, akazungusha kwa mkono mzima mpaka mlango ukanguruma na maji yakafyatuka. Kisha akautupa mpini katikati ya mafuriko, asije mtu akafunga.

Walimpiga mpaka wakachoka. Tuta lilisimama. Mpunga wote ulizama, wake pia, na hakuna aliyemwambia asante, hata Jedidah.

Mvua ilipokwisha ukaja ukame. Mlango ulikuwa bado wazi, maji yakipita bure bila kutuama mashambani, na fundi waliyemleta alishindwa kuufunga bila ule mpini. Aliyeujua mlango huo ni Mwikwabe peke yake. Jared akamfuata Mwikwabe sokoni Kosele, alikokuwa akiuza kamba na chumvi.

"Jaduong', mzee wetu, rudi utufungie," akasema, maneno yakimtoka na upepo pengoni. "Tutaongeza magunia. Taja mwenyewe."

Mwikwabe akaweka mkono wake wenye vidole vitatu juu ya meza, Jared auone vizuri.

"Bei ya mlinzi ilikuwa siku ile, kabla ya panga. Leo nauza kamba. Unanunua?"

Jared akaisukuma kamba kando.

"Kama hununui, sogea kando. Nyuma yako kuna mteja."

Msimu ule hakuna aliyepanda mpunga.