Maziwa ya Saa Nne

Kila siku, saa kumi na mbili asubuhi, Chepkosgei alichemsha chai ya maziwa, akajimiminia kikombe mpaka ukingoni, akakisogeza puani na kuivuta harufu yake macho yakiwa yamefumbwa. Kisha alitoka nje na kuimwaga yote juu ya jiwe la kunolea panga, nyuma ya jiko. Hakuionja. Mvuke ulipaa kutoka kwenye jiwe naye akasimama akiuangalia hadi uishe, kama mtu anayehakikisha kwamba nyoka amekufa kweli.

Mongina alikuwa ameliona jambo hilo asubuhi nyingi mno. Alikuwa mchumaji majani katika shamba la Chepkosgei, juu kidogo ya Kiptere, na alikuwa amechuma hapo miaka tisa tangu atoke Kisii na sanduku moja. Alikaa kwenye chumba cha mabati pembeni mwa shamba, hatua thelathini kutoka jikoni.

"Mama Noah, hiyo chai si ungetupa sisi," alimwambia Chepkosgei siku moja.

"Nikiwapa, nitawaangalia mkinywa. Nikiwaangalia, nitawanyang'anya. Kaa mbali na kikombe changu."

Mambo yalianza mwezi wa pili, pale Nelvine, muuguzi wa zahanati, alipompima Chepkosgei sukari, akakunja uso, akamwambia avue viatu. Chini ya kidole gumba cha mguu wa kushoto palikuwa na kidonda kilichokuwa wazi tangu Krismasi. Nelvine hakuzunguka. Alisema sukari ikibaki pale ilipo, mguu huo utakatwa. Chepkosgei hakuhitaji kuelezwa zaidi. Mama yake mzazi alikatwa vidole, akakatwa mguu hadi gotini, na mwisho akazikwa nusu. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akimwosha.

Nelvine alimpangia. Angekula kuanzia saa sita mchana hadi saa kumi na mbili jioni, na baada ya hapo maji tu, hadi saa sita mchana kesho yake. Dawa angezimeza na chakula cha mchana. Kila Ijumaa angepimwa. Na akitetemeka au akitokwa na jasho baridi, ale papo hapo, hata kama ni saa mbili asubuhi.

"Lakini peke yako hutaweza," Nelvine alisema. "Tafuta watu wa kukushika."

Aliowapata ni Mongina na Dorcus, mchumaji mwenzake, mwanamke wa Kipsigis mwenye sauti ya kusimamisha ng'ombe ng'ambo ya mto. Chepkosgei aliwaketisha kwenye mifuko ya mbolea akawaapisha mambo mawili. La kwanza, wasimwambie mtu yeyote kwenye kilima kile kwamba ni mgonjwa. La pili alilisema akiwatazama machoni.

"Nikiomba chakula kabla ya saa, msinipe. Nikilia, msinipe. Nikiwapiga, nirudishieni."

Basi wakamshika. Waliacha chai yao ya saa nne, ile inayomfanya mchumaji amudu kikapu cha pili, wakawa wanakula naye saa sita baada ya majani kupimwa. Njaa ya saa tano shambani, umande ukiwa umeingia hadi kifuani kupitia tundu za eproni ya plastiki, si kitu cha mchezo. Ufunguo wa kabati la jikoni ulifungwa kwenye pindo la leso ya Dorcus, na siku nyingine kwenye ya Mongina.

Siku ya kumi na mbili Chepkosgei alikuja kati ya mistari ya chai saa tatu asubuhi, mwiko mkononi.

"Leta ufunguo."

"Bado, Mama Noah."

"Hili ni shamba langu, na kabati ni langu, na wewe ni mtu wa kuchuma tu! Leta!"

Mwiko ulimpata Mongina sikioni, akasikia mlio kama nyuki aliyeingia ndani. Wa pili ulimpata begani. Wa tatu hakuungoja. Alikitupa kikapu, akamkumbatia Chepkosgei kiunoni na kumbwaga kwenye njia iliyo kati ya mistari, kisha akamkalia tumboni. Chepkosgei alimkwaruza shingo hadi damu ikatoka. Mongina akamzaba kofi, mara moja, kama alivyoagizwa. Halafu akampapasa paji la uso.

"Jasho lako ni la moto," alisema. "Huna ugonjwa. Una ulafi."

"Ondoka. Nyinyi Wakisii mna makalio mazito."

"Ni ndizi, mama. Saa sita nitakupa moja."

Dorcus aliyekuwa amesimama juu yao na ufito wake wa kusawazishia michai alianza kucheka, na Chepkosgei, damu ya Mongina ikiwa bado chini ya kucha zake, akacheka pia pale pale matopeni. Kuanzia siku hiyo hakudai tena ufunguo. Ijumaa baada ya Ijumaa sukari ilishuka.

Lakini kilima kile kilikuwa na Kimeli.

Kimeli alikuwa mdogo wa marehemu mume wa Chepkosgei. Mashamba yao yaligusana, na kwa maoni yake mistari mitatu ya juu ilikuwa yake tangu baba yao apande chai. Kwa miaka kadhaa aliisema kwa mdomo tu. Mwezi wa tatu akaja kuisema kwa panga. Alikata michai arobaini usawa wa ardhi, na mbwa wa Chepkosgei alipomrukia, akampasua kuanzia shingoni. Kisha akamning'iniza kwenye lango kwa waya. Mongina ndiye aliyemkuta. Alimwita Chepkosgei, naye Chepkosgei hakulia. Alimfungua mbwa, akachukua jembe na kuchimba, na alipomaliza kufukia alijaza mawe kwenye kikapu cha kuchumia. Asubuhi hiyo alivunja madirisha yote ya Kimeli, na jiwe la mwisho likavunja mfupa wa bega la Kimeli mwenyewe.

Wazee waliona damu inakuja. Mzee Kipyegon, aliyekuwa akisikiliza kesi za kilima kile, akaamua kwamba wawili hao wanywe maziwa. Ni desturi inayoheshimiwa huko kuliko sahihi. Wagomvi husimama kwenye mpaka wenyewe, kila mmoja upande wake, bila chuma chochote mkononi, na kunywa mursik, maziwa ya mgando yaliyotiwa mkaa, kutoka kibuyu kimoja. Hunywewa saa nne, kabla ng'ombe hawajateremshwa mtoni. Ng'ombe wakishateremka, maziwa ya siku hiyo hayana tena amani ndani yake. Na anayekataa kibuyu amesema moja kati ya mawili, kwamba kina sumu, au kwamba yeye ndiye anayepanga kuua. Maana ya tatu haipo.

Chepkosgei aliposikia saa hiyo alijibu tu, "Sawa."

Mongina hakutulia. "Waambie wasogeze hadi saa sita," alimsihi.

"Niwaambie kwa sababu gani? Kimeli akisikia nina sukari, ataanza kungoja nikatwe. Atakuja kupima shamba nikiwa hospitali."

"Basi kunywa tu. Siku moja haiui."

Chepkosgei alikuwa akikagua kidonda chake kwa kioo kidogo. Alikigeuza kioo upande mwingine.

Alhamisi walikusanyika mpakani watu kama ishirini. Mongina na Dorcus walisimama kati ya michai, vikapu mgongoni, kwa kuwa mchumaji hana nafasi kwenye kikao cha ardhi, na Mkisii ndiyo kabisa. Mzee Kipyegon alishika nyasi mkononi akaomba, kisha akampa Kimeli kibuyu. Kimeli, bega bado limefungwa, alikunywa mikupuo mitatu, akapangusa masharubu na kukinyoosha kibuyu ng'ambo ya mpaka.

"Haya, shemeji. Tuyamalize."

Chepkosgei alikipokea. Alikiinua. Maziwa yalionekana mdomoni mwa kibuyu, ya kijivu kwa mkaa, mazito. Alikaa nayo hapo chini ya pua hadi watu wakaanza kukohoa. Ndipo alipogeuka akamtafuta Mongina kwa macho.

Mongina aliinamisha kichwa kumkubalia. Akainamisha tena. Akasema kwa midomo bila sauti, "Kunywa."

Chepkosgei alishusha kibuyu.

"Saa yangu bado," alisema. "Naomba tungoje saa sita."

"Saa sita?" Mzee Kipyegon aliuliza kwa upole. "Mama, ng'ombe zitakuwa mtoni. Saa gani hiyo unayongoja?"

"Saa yangu."

"Mmesikia!" Kimeli alipaza sauti. "Mimi nimekunywa mbele yenu. Sasa huyu anasema nimetia sumu!"

Hapo Mongina alisahau nafasi yake. "Si hivyo, wazee! Huyu hali kitu kabla ya saa sita. Ni miezi miwili sasa. Hata sisi hatuli, muulizeni Dorcus!"

Alidhani anazima moto. Alipoona wazee wawili wakirudi nyuma hatua moja, akajua ameumwagia mafuta taa.

"Hata nyinyi?" Kimeli alisema polepole. "Wanawake watatu? Miezi miwili mnafunga?" Akawageukia watu. "Ndama wangu wawili wamekufa tangu mwezi wa tatu. Kifua hakiniachi kulala. Wanakaa huku na njaa yao wananiombea nife! Wamefunga juu ya kichwa changu!"

Hakuna aliyecheka. Kila mtu pale alikuwa amewahi kusikia juu ya wanawake waliofunga midomo yao kwa sababu ya mtu fulani, hadi Mungu akamchukua mtu huyo.

"Ni sukari!" Mongina alipiga kelele. "Ni ugonjwa, ni daktari..."

Kimeli hakuwa anasikia tena. Aliruka mpaka, akakinyakua kibuyu na kumpiga nacho Chepkosgei usoni kwa nguvu zote za mkono wake mzima. Kibuyu kilipasuka. Maziwa yalimfunika, na kwenye weupe wake wa kijivu damu ikachora njia kutoka mdomoni. Chepkosgei hakuanguka. Alimrukia shemeji yake, akalidaka lile bega bovu na kulipinda hadi Kimeli akalia kama mtoto, akamng'ata sikio, na wote wawili wakaanguka juu ya michai na matawi yakavunjika chini yao. Mzee Kipyegon alikuwa akipaza sauti na nyasi zake mkononi. Vijana walikuja mbio, wakachelewa. Kimeli alikuwa ameingiza mkono chini ya mchai, na ulipotoka ulikuwa na panga. Alikuwa amelificha pale kabla ya kikao, mtu aliyekuja kunywa amani.

Dorcus alimpiga mbavuni na ufito wake, ukavunjika vipande viwili. Panga lilikuwa limeshainuka juu ya shingo ya Chepkosgei. Mongina hakufikiri neno lolote. Alinyoosha mkono wa kulia.

Hakusikia maumivu mwanzoni. Alisikia sauti tu, kama ya tawi bichi. Kisha akaviona vidole viwili, cha shahada na cha kati, vimelala juu ya chai. Mchai ule alikuwa ameuchuma kwa ustadi, mwaka baada ya mwaka, ukawa bapa kama meza, na vidole havikupenya kwenda chini. Vilikaa juu ya majani, mbele yake, na yeye akavitazama.

Watu walimwangukia Kimeli. Walimpiga kwa mateke, kwa ngumi, kwa kipande cha ufito, wakamfunga kamba ya ng'ombe na kuendelea kumpiga akiwa amefungwa, hadi Mzee Kipyegon alipolala juu yake akiwaomba wamwache apumue. Polisi walimchukua mchana huo. Chepkosgei, mdomo umepasuka, meno mawili hayapo, alikuwa ameshaufunga mkono wa Mongina kwa leso. Alipanda naye pikipiki ya kukodi hadi hospitali ya Kericho, akimshika kwa nyuma na kumwambia asilale.

Siku ya tatu alikuja wodini saa sita kamili, nyuzi kwenye mdomo, hotipoti ya ugali na mboga za managu mkononi. Aliketi kitandani, akakata matonge na kumlisha Mongina, kisha akala mwenyewe polepole upande wa meno yaliyobaki.

"Nelvine alinipima jana," alisema. "Imeshuka kabisa. Na kidonda kimefunga. Angalia."

Alivua kiatu akauinua mguu. Ngozi mpya ilikuwa nyekundu, laini, imefunga. Mongina aliiangalia kwa muda mrefu. Kwa siku tatu alikuwa akijiambia jambo moja, na aliwaambia hata wauguzi walipomsafisha: vidole viwili, mguu mmoja. Mguu ni mkubwa kuliko vidole. Alikuwa amelisema mara nyingi hadi likamwezesha kulala. Nani atamwandika kazi ya kuchuma na mkono ule, hilo aliliweka kando.

Lakini palikuwa na kitu kilichokuwa kikimkwaruza. Katika miaka tisa hakuwahi kumuuliza Chepkosgei swali lolote zaidi ya waanze kuchuma mstari gani.

"Mama Noah."

"Naam."

"Pale mpakani uliniangalia, na mimi nikakukubalia. Uliniona. Na Nelvine hangekasirika kwa siku moja." Aliuinua mkono uliofungwa bendeji, akauweka juu ya blanketi kati yao. "Kwa nini hukunywa?"

Chepkosgei aliweka tonge chini. Aliuangalia ule mkono.

"Hayakuwa mambo ya saa," alisema. "Sikutaka kunywa na Kimeli."