Dola Iliyonunua Wali Maharage

Watu wa kwetu wakipata cha ziada wananunua ndama. Mimi nanunua dola za kizamani, zile kubwa za madini ya fedha, zenye kichwa cha mwanamke upande mmoja na tai upande wa pili. Mume wangu amesema mpaka amechoka. Zamani aliuliza zitazaa lini. Siku hizi akiniona navuta kopo langu la maziwa kutoka chini ya kitanda, anatoka kwenda kwa ng'ombe wake.

Mimi ni mzaliwa wa Tarime, nikaolewa huku Natta, na nina kibanda cha chakula barabarani. Ugonjwa huu niliambukizwa na wafanyakazi wa kambi za watalii. Mtalii akimaliza safari anapekua mfuko, anamwachia mhudumu sarafu ya kwao. Noti ya dola inabadilishika, sarafu hakuna anayeitaka. Mhudumu anazunguka nayo weee, mwisho njaa inamleta kwangu.

Nyingi ni takataka. Ukiona mstari wa kahawia ukingoni, ndani ni shaba, mrudishie mwenyewe. Ya fedha ni nyeupe mpaka ukingoni, nzito, na ukiiangusha kwenye saruji inalia vizuri. Hayo nilijifunza kwenye simu maharage yakichemka. Bajeti yangu ni sahani moja ya chakula, haizidi. Mwenye sarafu namwambia ukweli, kwamba mjini anaweza kupata zaidi. Ananiuliza kama wali umeiva.

Niliyoipenda kuliko zote niliipata kwa shemeji, mdogo wa mume wangu, anayehudumu mezani kwenye kambi moja kule Robanda. Mgeni mmoja mzee alimpa, naye mwisho wa mwezi mfuko ulipokauka akaja akala wali maharage, akaniachia. Ilikuwa nyeusi kama chungu cha zamani. Weusi huo sisi wakusanyaji tunautaka, ukiusugua umeiharibu sarafu. Jioni nilikuwa naitoa naiangalia tu. Naona haya kusema, lakini niliipenda sana ile dola.

Mwaka jana shemeji akaja asubuhi, akakataa chai. Nikajua kuna msiba.

"Shemeji, yule mzee amerudi. Meneja anasema kesho anataka kuniona, anauliza habari za ile dola. Kumbe ilikuwa ya baba yake."

"Wee mura, ya baba yake ukaja kuilia maharage?"

"Ningejuaje? Akisikia niliila, kazi sina. Wanaoitaka nafasi yangu wamejaa getini."

Kazi ile ndiyo inayosomesha watoto wake. Nikampa. Nilimwambia akishaionyesha anirudishie, lakini moyoni nilijua imekwenda, maana kitu cha baba yako ukikiona tena utakitaka. Niliumia. Siku hiyo niliunguza chapati mpaka wateja wakaniuliza kama naumwa.

Shemeji naye, kwa woga, akaona hawezi kumwonyesha mgeni kitu cheusi vile. Kila siku anang'arisha vijiko, basi akaisugua kwa jivu na ndimu, akamalizia na dawa ya vijiko. Jioni akanitumia picha, amefurahi kweli. Dola inang'aa kama sufuria mpya. Nikakaa chini. Nikaizima simu nisije nikamtukana.

Kesho yake alasiri gari la kambi likasimama mbele ya kibanda. Akashuka shemeji, uso umemshuka, na nyuma yake mzee mrefu mwenye kofia.

"Ameuliza weusi umeenda wapi," shemeji akaninong'oneza. "Nikashindwa kudanganya. Nimemwambia yote, mpaka maharage."

Mzee akakaa kwenye benchi, akaanza kuongea taratibu, shemeji akitafsiri. Baba yake aliipata ile dola wakati wa njaa kwao, akaifungia kabatini. Watoto walilala bila kula na dola imo humo humo. Weusi ule ulikuwa wa kufichwa. Mzee aliirithi, akaichukia, na kuitupa akashindwa. Ndipo akampa shemeji, akiomba moyoni imfikie mtu mwenye njaa. Sasa alikuwa amekuja kuuliza ilinunua nini.

"Wali maharage," nikamwambia. "Na mchicha. Mchicha nilimwongezea tu, ni shemeji yangu."

Akaomba sahani kama ile ile. Alikula polepole, akamaliza mpaka mchuzi. Kisha akaiweka dola mezani mbele yangu. Nilimsukumia, akanirudishia. Nikamwambia shemeji atafsiri kwamba sahani moja ni dola moja, ndiyo bajeti yangu. Mzee akacheka, akasema baba yake angelalamika kuwa ni ghali. Halafu akavua kofia akajifuta macho, na mimi nikageukia sufuria zangu.

Ikarudi kwenye kopo, inang'aa, haina tena thamani kwa mkusanyaji, imebaki na bei ya madini yake tu. Lakini kulisukuma kopo chini ya kitanda usiku ule mkono ulikataa. Sasa linakaa jikoni, pembeni ya ndoo ya unga, na nyumba nzima inajua: siku ndoo ikiwa tupu kabisa, dola zinauzwa, na ya kwanza kutoka ni ya yule mzee.