Ndege ya Ziwani na Chai Yangu

Wazee wenzangu, leo nimeivua ndege ya vita kutoka Ziwa Naivasha kwa mikono yangu!

Haya, nimedanganya. Nilipiga kasia tu tangu asubuhi, na mgongo umekwisha.

Aliyepiga mbizi ni mzungu mmoja, mtungi wa hewa mgongoni. Anatafuta ndege ya kaka yake iliyoanguka humo wakati wa vita. Alikuta mbavu za ndege tu. Bati lenye namba halipo, na bila namba hawezi kujua kama ni ya kaka yake.

Nikamwonea huruma, nikamleta kwangu Ndabibi anywe chai.

Sufuria ikachemka. Akautazama mfuniko, akauinua.

"Mzee, huu umeutoa wapi?"

Nyinyi mnajua. Mwaka ule maji yaliporudi nyuma, nani hakubandua bati la ndege pale? Hizo namba mimi nilidhani ni bei.

Nikangoja pingu. Yeye akaukumbatia mfuniko na masizi yake yote, akalia.

"Ni yeye."

Nimempa. Ningefanyaje?

Sasa wewe Wanjala, ule mfuniko wangu mwingine ulioazima Krismasi, urudishe leo. Chai yangu inanuka moshi.