Alisema Amemla Mama Mkwe

Nilipokutana naye mara ya kwanza, katika gereza la Bukavu, alikuwa amekwisha kuhukumiwa. Alikuwa mama wa kambo wa msichana wa miaka saba, mkazi wa Bagira, na mahakama ilikuwa imesema kwamba aliuchoma mkono wa mtoto huyo makusudi kwenye jiko la makaa. Muda wa kukata rufaa ulikuwa unakaribia kwisha. Mumewe, anayechimba dhahabu upande wa Mwenga, ndiye aliyenipigia simu.

"Maman Maître," aliniambia, kama wengi wanavyotuita sisi mawakili wanawake, "muke wangu alikubali, lakini hakufanya. Sijue nikueleze namna gani."

Kwa miaka mingi nimesimama upande wa watoto: waliopigwa, waliofukuzwa nyumbani, walioitwa wachawi. Kwa hiyo nilipoipokea kesi hii, mwenzangu tunayeshirikiana ofisi, pale juu kidogo ya soko la Nyawera, alinitania.

"Leo umehama kambi?"

"Sijahama. Nataka kujua nani alichoma mutoto. Wewe unajua?"

"Si alikiri?"

"Sikukuuliza kama alikiri."

Akacheka, akarudi kwenye karatasi zake. Lakini swali lake ndilo linaloulizwa na kila mtu, na ninapenda kulijibu polepole. Ungamo huwapumzisha wote. Polisi anafunga kazi, mwendesha mashtaka anapata usingizi, jaji anaona njia imenyooka. Ndiyo maana sheria inatutaka tulitazame kwa jicho kali. Ukienda kununua kitenge sokoni, na muuzaji akuambie kimetoka Uholanzi, hulipi kwa sababu tu amesema. Unakigeuza, unakisugua kwa vidole, unaangalia pindo. Ungamo nalo hugeuzwa hivyo. Je, lilisemwa kwa hiari? Lina kitu kingine kinacholishikilia? Kama halina, ni maneno ya mtu aliyechoka.

Gerezani tulikaa kwenye benchi, karibu na ukuta. Nilianza kwa kumwuliza habari za mtoto, si habari zake. Akaniambia mtoto anapenda kuimba, hapendi samaki, na akilala lazima awe ameshika pindo la kitenge cha mtu. Sasa alikuwa analala kwa shangazi yake, wifi wa mama huyu, naye mama hakujua mtoto anashika kitenge cha nani. Hapo akalia. Nilimwacha alie, kisha nikamwuliza aliungama wapi.

"Mu chumba ya maombi. Wifi yangu njo alinipeleka."

Alinieleza bila haraka, nami nilimwomba asiruke kitu. Siku mtoto alipoungua, yeye alikuwa kwenye bomba la maji. Alimkimbiza hospitali mwenyewe. Lakini wifi yake alisema mtoto haungui bure, kuna pepo katika nyumba ile. Akampeleka mama huyu kwa mchungaji mmoja ili afanyiwe ukombozi. Alifungishwa chakula. Alipiga magoti mpaka magoti yakavimba. Katika chumba kile, anayeungama hupigiwa ngoma na kuimbiwa. Asiyeungama hubaki chini, kwa maana pepo wake bado amejificha.

"Pasteri aliniuliza: ulichoma mutoto? Nilisema ndiyo. Batu bote: Amina! Ngoma ikalia. Akasema, iko ingine ndani, toa yote."

"Ukatoa nini?"

"Nilitoa ya kila namna, Maman Maître. Nilisema naendaka chini ya ziwa kukutana na bamashetani. Nilisema nilifunga baraka ya bwana yangu mu chupa." Akashusha sauti. "Nilisema hata nilikula mama mukwe."

Msomaji wa mbali aelewe: kwetu, kumla mtu kwa uchawi ni kumuua kwa siri. Nikachukua kalamu.

"Pole sana. Mama mukwe alikufa lini?"

Akanitazama kama mtu asiyeelewa swali.

"Hakufa. Iko Kavumu, anauzisha maharage pembeni ya barabara."

Nilishindwa kujizuia, nikacheka. Yeye aliogopa kwanza, kisha kicheko kikamshika naye, mpaka mlinzi akageuka kututazama. Tangu afungwe, aliniambia baadaye, hakuwa amecheka.

Jirani aliyesikia habari za ungamo lile aliita polisi. Mpelelezi alimwambia, umekwisha kusema mbele ya Mungu, juu ya nini unakatala mbele ya serikali? Akaweka sahihi. Na hapa ndipo palipokuwa na jambo lenyewe: katika PV, yaani hati ya maelezo ya polisi, mpelelezi aliandika kuchoma mtoto peke yake. Ziwa, chupa na mama mkwe aliviacha nje. Hakuwa mjinga. Alijua hakuna jaji atakayeamini mambo hayo, basi akachukua kipande kinachoaminika, akatupa vingine. Mahakama ya kwanza ililiona tawi moja tu, ikadhani ni mti mzima.

Kabla sijaondoka nilimwambia jambo moja waziwazi. "Mimi nitaomba mutoto asikilizwe. Akisema ni wewe, nitamuamini, na rufaa hii itakugeukia."

Hakusita. "Mumuulize. Njo kile niliomba tangu mwanzo, na hakuna mutu alinisikia."

Nilitoka gerezani nikiwa na mzigo mwepesi kuliko nilioingia nao. Lakini hofu haikuniisha. Nikikosea, nitakuwa nimemrudisha mtoto kwenye mkono uliomchoma.

Kavumu nilimkuta mama mkwe amekaa nyuma ya beseni la maharage, malori yanapita yakimrushia vumbi, naye anayafuta maharage kwa kitambaa kama mtu anayefuta miwani. Nilimsalimia, nikajitambulisha, nikamweleza.

"Mukazana wangu alisema alinikula?"

"Alisema, Mama."

"Na ule binti yangu alikuwa pale?"

"Alikuwa pale."

"Akasema nini?"

"Alisema Amina pamoja na wengine."

Akaweka kitambaa chini. "Alisema Amina juu ya kifo yangu! Na juzi alikuja hapa nikamujazia kapo ya maharage!" Akainuka, akajifunga kitenge upya. "Unipeleke kwa ule juge. Twende sasa hivi."

Nilimsihi akae. Nilimweleza kwamba hawezi kusema kama mkaza mwanawe alimchoma mtoto au hakumchoma, kwa kuwa hakuwapo. Kazi yake ingekuwa nyingine kabisa.

"Utaingia, utasema jina yako, utajibu kile utaulizwa. Kazi yako ni kuwa mzima, basi."

"Ile nitaiweza," akasema.

Siku ya kusikilizwa, wifi aliitwa na upande wa mashtaka. Alivaa vizuri, akaapa kwa sauti, akasema alilisikia ungamo kwa masikio yake mwenyewe. Mwendesha mashtaka akakaa ameridhika. Nikasimama. Sikutaka kumkaripia. Mwanamke yule alikuwa anampenda mtoto wa kaka yake, na alifanya alilofundishwa kwamba ni jema.

"Maman," nikamwambia, "asante kwa kusema kweli. Alisema ile moja tu?"

"Apana. Alisema mengi."

"Utuambie na ile ingine."

Akamtazama mwendesha mashtaka, lakini huko hakukuwa na msaada. "Alisema anaendaka chini ya ziwa."

"Na ingine?"

"Baraka mu chupa."

"Na ingine?"

Jaji kiongozi akainua kichwa. "Jibu, maman."

"Alisema… alisema alikula maman yetu."

"Maman yenu, yule alikuzaa?"

"Ndiyo."

"Na sasa iko wapi?"

Akaelekeza kidole mlangoni, kwa sauti ndogo kabisa: "Iko pale inje. Tulikuja naye."

Chumba kililipuka kwa kicheko. Mwendesha mashtaka alisimama kupinga: shahidi huyo hakuitwa kwa utaratibu. Nilijibu kwamba mashtaka yenyewe yamemleta, maana yumo katika ungamo wanalolitegemea. Majaji wakanong'onezana. Jaji kiongozi, ambaye alikuwa amefunika mdomo kwa mkono, akasema aingizwe.

Aliingia polepole, kitenge kipya, kichwa juu, akapita katikati ya mabenchi.

"Mama, wewe ni nani?"

"Papa Juge, mimi njo yule alikuliwa."

Karani alilazimika kugonga meza. Mama akaendelea bila kuulizwa. "Munitazame muzuri. Kama niko mufu, munizike leo. Kama niko muzima, mumuulize ile ingine yote aliisema juu ya nini."

Sikuwa na la kuongeza sana. Niliwaambia majaji kwamba siwaombi waamini jambo gumu. Mtu mwenye njaa, aliyepiga magoti kati ya watu wanaosubiri kuimba, alitoa kila alichoulizwa. Sahihi aliyoiweka polisi ilikuja juu ya maneno yale yale. Kama tunaitupa sehemu ya ziwa, na ya chupa, na ya mama huyu aliyesimama mbele yetu, basi mashtaka yatuonyeshe ni kitu gani kinaishikilia sehemu iliyobaki. Nikaomba jambo la mwisho: mtoto aulizwe, faraghani, na mtu anayejua kuzungumza na watoto.

Walikubali. Lile ombi ndilo nililoliogopa kuliko yote.

Tulikaa katika chumba kidogo: majaji watatu wamevua majoho, mwendesha mashtaka, mimi, na mama mmoja wa huduma ya jamii aliyekaa chini kwenye mkeka pamoja na mtoto. Walizungumza kwanza juu ya shule. Kisha juu ya kupika. Mtoto akasema sufuria ya sombe, mboga ya majani ya muhogo, ilikuwa inafurika, naye alitaka kusaidia. Alipanda juu ya kigoda. Kigoda kikateleza. Aliweka mkono ili asianguke, na mkono ukaingia kwenye makaa.

"Na maman mudogo alikuwa wapi?"

"Ku bomba. Nililia, akaacha bidon ya maji, akakimbia. Bidon ikajimwaga yote."

Daktari aliyemtibu alikuwa amekwisha kueleza kwamba kiganja kilichoungua namna ile kinalingana na mtu anayejikinga asianguke. Lakini hilo lilikuwa limesemwa kwa Kifaransa kirefu, na katika mahakama ya kwanza hakuna aliyelijali. Mama wa huduma ya jamii akamwuliza mtoto swali ambalo kila mmoja wetu alikuwa nalo.

"Juu ya nini hukusema?"

Mtoto akamshangaa. "Hakuna mutu aliniuliza. Balisema maman amesha kubali."

Jaji kiongozi alivua miwani yake. Mwendesha mashtaka, nimheshimu kwa hilo, alikuwa wa kwanza kusema kwamba hana swali.

Hilo ndilo ninalowaeleza vijana wanaoanza kazi hii, wanaponiuliza kama kulipinga ungamo ni kumsaliti mtoto. Ungamo la uongo halimlindi mtoto. Linamfunga mdomo. Ukishalipata, huendi tena kumwuliza aliyeumia. Na kama kweli kuna mtu aliyemdhuru, mtu huyo hukaa nje salama, maana mwingine amekwisha kubeba jina. Kwa hiyo msiogope kuuliza tena. Mnapouliza tena, mtoto ndiye mnayemfungulia mlango.

Hukumu ilisomwa kwa Kifaransa, na mteja wangu alisimama akitazama midomo ya jaji kama mtu anayetazama mvua nyuma ya kioo. Mahakama ilisema ungamo lile haliwezi kutegemewa, kwa sababu lilitolewa na mtu aliyedhoofishwa kwa njaa na hofu, na kwa sababu lilikuwa na mambo ambayo majaji wenyewe wameona kwa macho yao kuwa si kweli. Bila ungamo hilo, hakukuwa na kesi. Karani akageuka kwake akamwambia kwa Kiswahili:

"Maman, unarudi kwako."

Akauliza, "Leo?"

"Leo."

Nyuma yetu watu walipiga vigelegele, na mama mkwe alisimama akapunga mikono kulia na kushoto kama mtu aliyeshinda uchaguzi. Wifi alikuja mbele akilia, akapiga magoti mbele ya mteja wangu ili aombe msamaha. Mama yake akamvuta mkono. "Simama. Magoti imetuletea mambo ya kutosha." Mawifi hao wawili wakakumbatiana, kwanza kwa ugumu, kisha kweli.

Jioni ile ile mteja wangu alitoka gerezani na beseni la vitu vyake kichwani. Mtoto hakukimbia kama nilivyotazamia. Alitembea polepole, akasimama mbele yake, akashika pindo la kitenge, akaanza kusema. Tulipanda teksi kuelekea Bagira, mama mkwe mbele, sisi nyuma, na mtoto hakunyamaza. Alisimulia habari za kuku wa shangazi. Alisimulia wimbo mpya wa darasa, akauimba, akaukosea, akaanza upya. Mama yake wa kambo alijibu kila kitu kwa neno moja. Dereva alipunguza redio. Tulipofika kwenye mteremko, mtoto alikuwa kwenye habari ya rafiki yake aliyeng'oka jino.

"Ilianguka mu bugari," alisema. "Tulitafuta, tulitafuta. Maman, uniulize kama tuliipata."

"Muliipata?"

"Apana! Aliimeza!"