Siku ya Kuzaliwa ya Mama Mwezi

Kitambulisho cha shangazi yangu kinasema alizaliwa tarehe mosi Januari. Usithubutu kumpongeza siku hiyo, atakununia mpaka Februari. "Hiyo tarehe nilizawadiwa na karani," husema. "Mama alimtajia mwaka tu, siku akajaza yeye."

Kazini wanamwita Mama Mwezi. Tangu ana miaka kumi na tisa yuko kwenye kiwanda kinachochapa kalenda za ukutani, na kazi yake ni kuhakiki viduara: cheupe kwa mwezi mpevu, cheusi kwa mwezi uliojificha. Kuna fundi mmoja, mvivu wa kutupwa, aliwahi kunakili viduara vya mwaka uliopita. Shangazi akazima mashine.

"Mwezi haujaajiriwa na jua," akamwambia. "Ukimaliza mizunguko kumi na miwili, mwaka wa jua bado una siku kumi na moja mbele. Ndiyo maana tarehe zake hazitulii. Mpaka ipite miaka kumi na tisa, hapo unarudi palepale."

Fundi akachapa upya, ametulia kama maji mtungini.

Kila mwaka shangazi huweka kalenda moja chini ya kitanda chake. Baba yangu, ambaye ni kaka yake, anasema ipo siku kitanda kitagusa dari.

Mwaka huu alizitoa kwa sababu ya Bibi, mama yao. Kumbukumbu za Bibi zinaponyoka. Kwa miezi mingi sasa hamtambui binti yake, akiletewa chai hupokea kwa adabu na kusema, "Asante, dada. Mama yako kakulea vizuri." Nimewahi kumwona shangazi akijifungia jikoni baada ya shukrani hiyo.

Kisa kimoja tu Bibi hajakipoteza. "Siku niliyojifungua binti yangu, jua la jioni liliingia mlangoni likanyooka mpaka katikati ya ukuta wa nyuma. Likazama. Kugeuza shingo, mwezi huo dirishani, mzima!"

Chumba ni kilekile, mlango ni uleule. Shangazi akataka kuijua tarehe ya siku hiyo. "Nataka anijue hata mara moja kabla hajaniacha," alituambia, na hakuficha machozi. "Labda siku yenyewe itamkumbusha."

Mwanga hulenga katikati ya ukuta ule nyakati mbili tu kwa mwaka, mchana na usiku vinapolingana: Machi na Septemba. Siku nyingine jua huchepuka kaskazini au kusini mpaka lifike mwisho wake, kisha hugeuka.

"Chukua Septemba," Baba akamshauri. "Utapunguza umri miezi sita bure."

"Mwezi haupigiwi kura, kaka."

Akafungua kalenda ya mwaka wake wa kwanza kazini, alipokuwa na miaka kumi na tisa, maana viduara vyake vilifuata tarehe zilezile za mwaka aliozaliwa. Siku ile ya Septemba mwezi ulikuwa umeshaliwa nusu. Ya Machi ilikuwa na kiduara cheupe. Na mwaka huu anatimiza hamsini na saba, yaani kumi na tisa mara tatu. Mwezi ulikuwa unarudi.

Siku ilipofika akaomba ruhusa kazini, mara ya kwanza tangu aajiriwe. Tukamketisha Bibi katikati ya chumba. Jua likaingia, likatambaa ukutani, likafika katikati, likafifia. Shangazi alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

Bibi akageuza shingo mwenyewe. Mwezi ulikuwa dirishani.

"Binti yangu kazaliwa," akasema. Kisha akatutazama mmoja mmoja kwa hasira. "Sasa mbona hamniletei mtoto?"

Shangazi akapiga magoti, akalaza kichwa chake chenye mvi mapajani mwa mama yake. Bibi akampapasa uso, akamshika masikio, kisha akachukua mikono yake na kuanza kuhesabu vidole, polepole, kimoja kimoja, mpaka kumi.

"Vyote vipo," akasema. "Huyu ni wangu."

Shangazi alilia kwa sauti. Baba akatoka nje, eti anakwenda kuangalia mwezi.