Majivu ya Mtawa wa Kihindi

Mwaka tuliohamishiwa kijiji cha ujamaa, mwanangu aliharisha hata akashindwa kunyonya. Zahanati tuliyoahidiwa ilikuwa kuta tupu! Mama mkwe akanipeleka Korogwe ya zamani, kando ya mto, alipokaa zamani mtawa wa Kihindi, mtu wa kutangatanga. Watu walisema watoto hupona pale. Palibaki mawe na rundo la majivu ya moto wake. Mama mkwe akafanya kama tufanyavyo Wazigua makaburini kwa wazee wetu: alifagia kwanza, takataka zote akazitupa mtoni, ndipo akaomba.

Akaja mama wa Kihindi, mwenye duka la jirani.

“Majivu yako wapi? Mtoto hupakwa hayo!”

Nilimkabidhi mama mkwe mwanangu, nikaingia mtoni pale majivu yalipotupwa, nikaanza kuchota maji kwa viganja.