Saa Nzima Mbele ya Bomba la Damu

Siku ya kwanza kuingia maabara ya hospitali, hapa Nakuru, nilipewa ufagio. Uhuru ulikuwa bado mpya na mimi nilikuwa na darasa la nne tu. Baada ya miaka sita nilikuwa napima damu, na hakuna mwenye diploma aliyenishinda kwa jicho.

Mkuu wa maabara, Mhindi mmoja mkali, ndiye alinifunza kipimo cha ESR. Damu unaichanganya na dawa isigande, unaivuta kwenye bomba jembamba la kioo, unalisimamisha wima saa nzima. Halafu unasoma chembe nyekundu zimeshuka milimita ngapi. Zikikimbia, mwilini kuna moto: TB, homa, ama saratani.

"Usiamini mtu," aliniambia. "Amini saa."

Basi sikuamini mtu. Zaidi nilimshuku Njoroge, mwenzangu mwenye diploma. Kila siku alikuwa wa kwanza kwenda chai, na kazi yake imeisha. Imeishaje?

Wakati huo tulikuwa na mgonjwa, Mzee Cheruiyot, mkulima wa Molo, aliyetolewa figo lenye saratani. Daktari wa upasuaji alitaka ESR yake kila kliniki. Damu ikitulia, kuna matumaini. Ikikimbia, huenda ugonjwa umebaki. Mzee naye alikuwa na lake. Shamba lilikuwa kwa jina lake pekee, na ndugu zake walikuwa wanangoja tu afe, wamfukuze mkewe.

"Kama niko na muda, nilime," alituambia akitolewa damu. "Kama sina, nikamwandikishe mama watoto shamba."

Bomba lake halijamaliza robo saa, nikaona Njoroge ameandika ishirini na nne.

"Hiyo saa imeisha lini?"

"Dakika kumi zimeshuka nne. Zidisha mara sita. Ama darasa la nne hamkufika kuzidisha?"

Akanyoosha mkono achukue bomba akalioshe. Nikasimama katikati.

"Ngoja, bwana diploma. Damu huanza kwa kujivuta, halafu ndiyo inakimbia."

Saa ilipotimia, tulisoma tisini na sita. Njoroge alifuta namba yake bila kuniangalia.

Daktari naye hakuamini namba peke yake. Aliagiza picha ya kifua, na madoa ya saratani yakaonekana mapafuni. Mzee alipoelezwa, aliuliza, "Ofisi ya ardhi inafungwa saa ngapi?"

Alifariki kabla ya mavuno. Mkewe yuko kwa shamba hilo mpaka leo.

Mimi nimestaafu. Majuzi nilipimwa ESR, na msichana wa maabara akaniambia, "Mzee, nenda tu, majibu ni kesho." Nikavuta kiti mbele ya bomba, nikatoa saa yangu.